Omba Chuo Utakachokimaliza

Matokeo ya kidato cha sita hutoka mwezi Julai, na kwenye steshenari za Tabora mjini siku hizo hakuna pa kukanyaga. Vijana waliomaliza Tabora Boys, Tabora Girls, Milambo na Kazima husimama foleni wakiwa na namba ya mtihani kwenye kipande cha karatasi, wengine wamesindikizwa na mama au kaka mkubwa. Waliosoma PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, karibu wote wana neno moja mdomoni: udaktari. Muulize mmoja wao udaktari wa wapi, atajibu Muhimbili hata hujamaliza swali. Muulize tena, na ukikosa Muhimbili? Hapo anamtazama mama yake, mama anamtazama kijana wa steshenari, na kijana wa steshenari ndiye anayetaja chuo cha pili, cha tatu na cha nne.

Kijana huyo simlaumu. Kazi yake ni kuchapa na kutoa fotokopi, na wengi wao ni wema, wanasaidia watu kwa bei ndogo mpaka usiku. Lakini uamuzi wa miaka sita ya mtoto wako haupaswi kufanywa pale kaunta, foleni ikisukuma kutoka nyuma.

Neno langu kwa wazazi na vijana wa Tabora, Nzega, Igunga, Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui ni moja: ombeni chuo mtakachokimaliza. Shahada ya udaktari wa binadamu hapa nchini ni miaka mitano, kisha mwaka mmoja wa utarajali kabla Baraza la Madaktari Tanganyika halijakusajili rasmi. Ukidisko, yaani ukiondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza kwa sababu hukuwa na mtu wa kukushika mkono, au ukirudi nyumbani mwaka wa tatu kwa kukosa ada, jina kubwa la chuo halitakusaidia kitu. Kila nitakachosema hapa chini, kuanzia alama hadi karatasi za mkopo, kinarudi kwenye swali hilo: je, hapa nitamaliza?

Vijana wengi hutazama video za wenzao wa Marekani na kudhani mambo ni yale yale. Kule mtu husoma kwanza shahada ya miaka minne, ndipo anafanya mtihani wa MCAT na kuomba shule ya udaktari kwa miaka minne mingine. Ana muda wa kujijua, na wa kubadili mawazo bila hasara kubwa. Kwetu, kama ilivyo Kenya na Uganda, unaingia udaktari moja kwa moja kutoka sekondari. Maswali ambayo Mmarekani anayatafakari kwa miaka minne, wewe unatakiwa uyajibu ndani ya wiki chache za Julai na Agosti. Dawa yake ni kuyaanza ukiwa kidato cha tano, kabla joto la matokeo halijapanda.

Tuanze na alama, maana hapo ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Baraza la Mitihani huhesabu A kuwa 1, B kuwa 2, C kuwa 3, na kuendelea. Ndiyo maana mwenye A tatu anaitwa divisheni I ya pointi 3, na divisheni I yote inakwenda pointi 3 hadi 9. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inahesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Kwa hiyo mwanafunzi mwenye B ya kemia, B ya baiolojia na C ya fizikia ana pointi 7 kwa hesabu ya Baraza, na pointi 11 kwa hesabu ya TCU. Nimeona mzazi akikata tamaa akidhani pointi 7 za mwanawe hazifikii kiwango kilichoandikwa kwenye mwongozo, kumbe alikuwa anasoma hesabu mbili tofauti.

Angalia pia zile pointi zimetokana na masomo gani. Mwenye A ya fizikia na C mbili za kemia na baiolojia naye ana pointi 7, sawa kabisa na yule wa kwanza. Lakini zipo programu zinazoweka kiwango kwa kila somo, na kwa udaktari kemia na baiolojia ndizo nguzo. Mwongozo wa udahili wa TCU hutolewa kila mwaka na unapatikana bure kwenye tovuti yao. Unaonyesha kila chuo, kila programu, sifa za kuingia, muda wa masomo na idadi ya nafasi zilizopo. Usiusome wa mwaka jana. Usitegemee picha ya ukurasa mmoja iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp. Pakua wote, nenda ukurasa wa kila chuo unachokitaka, na uandike kwenye daftari.

Na elewa maana ya kiwango cha chini. Kinakupa haki ya kuomba, basi. Nafasi za udaktari kwenye vyuo vya umma hugombewa na vijana wa nchi nzima waliopata A na B, na anayepita kwa kiwango cha chini tu mara nyingi hukuta mlango umeshafungwa. Hapa nitasema wazi: kama una divisheni I ya pointi 3 au 4, weka Muhimbili juu ya orodha bila woga, ukitaka. Kama una pointi 7, 8 au 9, iweke kama unaipenda, lakini usiiweke peke yake, na usiweke vyuo vinne vya aina ile ile. Panga orodha yenye kimoja cha kujaribu bahati, viwili au vitatu ambavyo alama zako zinakaa vizuri, na kimoja ambacho una hakika utapokelewa na utaweza kukilipia. Hicho cha mwisho kichague kwa uangalifu kuliko vyote, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa ndiko utakakoishi miaka mitano.

Sasa, vyuo vyenyewe. Mtu wa Tabora ana bahati ya kukaa mahali ambapo njia zinagawanyika. Zamani misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa, Unyanyembe, mingine ikashika njia ya Ujiji, mingine ikaelekea kaskazini hadi ziwani. Reli ya Kati ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Fuata njia hizo hizo na utakutana na vyuo vikubwa vya udaktari vya nchi hii.

Upande wa kaskazini kuna Bugando, Mwanza. Hospitali ilifunguliwa 1971, na chuo kikuu cha afya cha Kanisa Katoliki kilichopo pale kwenye kilima, CUHAS, kilianza 2003. Wagonjwa wengi wa Tabora wanaoshindikana hospitali za mkoa wamekuwa wakipewa rufaa ya Bugando kwa miaka mingi. Maana yake kijana wa Nzega anayesoma pale atakutana wodini na watu wa kwao, wenye magonjwa ya kwao, wanaoongea lugha anayoielewa hata pale Kiswahili cha mgonjwa kinapokuwa kidogo. Jambo hilo lina thamani ambayo haimo kwenye mwongozo wowote. Bibi wa Kinyamwezi anayeulizwa historia ya ugonjwa wake kwa Kinyamwezi hufungua moyo na kueleza mambo ambayo asingemwambia mtu mwingine.

Upande wa mashariki, kituo kikubwa cha kwanza ni Dodoma. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa 2007, na wanafunzi wake wa udaktari hujifunzia katika hospitali zikiwemo Benjamin Mkapa na ile ya rufaa ya mkoa. Kwa familia nyingi za Tabora, Dodoma ni karibu kuliko Dar es Salaam na maisha yake yana unafuu, ingawa vyumba vimepanda bei tangu serikali ihamie. Ukiendelea mbele kuna Morogoro, na kutoka hapo unakwenda Ifakara kwenye chuo cha Mtakatifu Fransisko, mahali penye historia ndefu ya utafiti wa malaria. Kijana anayependa utafiti asiidharau Ifakara kwa kuwa iko mbali na mji mkubwa.

Mwisho wa reli kuna Dar es Salaam. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilianza 1963, miaka miwili tu baada ya uhuru. Ikawa kitivo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tangu 2007 ni chuo kikuu kinachojitegemea, MUHAS. Pale Upanga kuna Hospitali ya Taifa, taasisi ya mifupa ya MOI na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete, zote ndani ya uzio mmoja, na hospitali ya Mloganzila, iliyo mbali na hapo, ikaongezeka baadaye. Hakuna mahali pengine nchini ambapo mwanafunzi ataona magonjwa mengi adimu kwa pamoja. Sifa za Muhimbili ni za kweli na sizipunguzi. Hapo hapo Dar kuna vyuo binafsi, kikiwemo Hubert Kairuki, Mikocheni, kilichoanza 1997. Nje kabisa ya reli yetu kuna KCMC, Moshi, na ndaki ya afya ya Mbeya iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Zanzibar nako SUZA inafundisha udaktari.

Utavilinganishaje? Watu hulinganisha majengo na picha za mahafali. Mimi nakuomba utazame hospitali. Miaka miwili ya mwanzo, unaposoma anatomia, fiziolojia na biokemia, vyuo hufanana kwa kiasi kikubwa. Kuanzia mwaka wa tatu maisha yako yanahamia wodini. Asubuhi daktari bingwa anapita raundi, mwanafunzi anasimama miguuni mwa kitanda na kueleza: mgonjwa ana umri gani, alianza kuumwa lini, amepimwa nini, anashukiwa nini. Bingwa anauliza, anakosoa, anamwambia sikiliza tena mapafu. Hapo ndipo daktari anapotengenezwa. Kama kitanda kimoja kimezungukwa na wanafunzi watano, utaguswa na swali na utamgusa mgonjwa. Kama kimezungukwa na thelathini, wa nyuma wanaona migongo ya wenzao.

Kwa hiyo maswali ya kuuliza kabla ya kuomba ni haya. Hospitali mnayojifunzia ni ya chuo au mnaazima? Iko umbali gani kutoka mnapolala? Kwenye raundi mnakuwa wangapi? Wodi ya wazazi usiku, mwanafunzi anaruhusiwa kuzalisha akiwa na msimamizi, au anatazama tu? Maiti za kujifunzia anatomia zipo za kutosha? Wangapi walidisko mwaka wa kwanza, na chuo kilifanya nini kwa waliopata sapu, yaani mtihani wa marudio? Swali hili la mwisho liulize kwa mwanafunzi wala si kwa ofisi ya udahili. Chuo ambacho wahadhiri wake hukaa na mwenye sapu na kumrudisha kwenye mstari ni bora kwako kuliko kile kinachojisifia kuchuja.

Wa kujibu maswali haya huhitaji kuwafuata mbali. Madaktari vijana wapo Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, na wapo Nkinga kule Igunga. Wametoka vyuo mbalimbali, na wanakumbuka kila kitu kwa sababu ni juzi tu wametoka huko. Nenda na mzazi au mwalimu wako, saa ambayo kazi imepungua, amkia kwa heshima, eleza kwamba unajaza maombi, na uulize. Sijaona daktari kijana aliyemfukuza mtoto mwenye daftari na maswali yake.

Tufike kwenye pesa, na hapa nataka mzazi akae karibu. Wapagazi wa Kinyamwezi waliobeba mizigo kati ya Unyanyembe na pwani hawakuinua mzigo kabla ya kukubaliana ujira na posho ya njiani. Walijua safari ni ya miezi, na anayeondoka bila kujua atakula nini katikati ya Ugogo hafiki. Fanya hesabu ya miaka mitano kwa namna hiyo, kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma maombi.

Ada ya udaktari katika chuo binafsi inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya chuo cha umma. Lakini ada ni sehemu tu. Kuna chumba: hosteli za chuo mara nyingi hazitoshi, na mwenye nyumba wa mtaani, hasa Dar es Salaam, hutaka kodi ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Kuna chakula, bima ya afya, koti jeupe, stetoskopu, vitabu, nauli za kwenda na kurudi likizo, na gharama za mafunzo ya vitendo nje ya chuo. Andika kila kimoja kwa chuo kimoja kimoja kwenye orodha yako. Utashangaa kuona chuo chenye ada kubwa kidogo karibu na nyumbani, mahali ambapo shangazi anaweza kukupa chumba, kinakuwa nafuu kuliko chenye ada ndogo mbali.

Kwa familia za wakulima wa tumbaku kuna jambo la ziada. Fedha ya tumbaku huja kwa msimu, kupitia chama cha msingi, na huja ikiwa imeshakatwa deni la mbolea na pembejeo. Chuo kinadai kila muhula, soko liwe limefunguka au limechelewa. Kabla ya kukubali nafasi, uliza kama ada inalipwa kwa awamu na awamu hizo zinaangukia miezi gani, na mwanafunzi mwenye deni anazuiwa mtihani au anapewa muda. Halafu mzazi, fedha ya msimu ikiingia, tenga ya muhula wa pili siku hiyo hiyo. Ikikaa ndani mpaka Februari, itakuwa imekwenda kwenye bati, kwenye msiba, kwenye pikipiki. Sisemi kwa kulaumu. Ndivyo maisha ya kijijini yalivyo, na mtu hujikuna anapofikia.

Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ndio tegemeo la wengi, na fani za afya zimo kwenye vipaumbele. Ila mkopo hutolewa kulingana na uhitaji, na si kila anayepata anapata asilimia mia moja. Usipange chuo binafsi ukiamini Bodi italipa ada yote. Panga kana kwamba tofauti itabaki kwa mzazi, na ikija zaidi mshukuru Mungu. Fedha ya chakula na malazi, ile vijana wanayoiita boom, huweza kuchelewa mwanzoni mwa muhula, kwa hiyo mtoto asitoke nyumbani mfuko mtupu. Na ajue mapema kwamba ni deni: akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka liishe. Kwa waliofaulu sana masomo ya sayansi kuna pia ufadhili wa Samia unaosimamiwa na Bodi hiyo hiyo, ambao haudaiwi. Mwenye A za PCB aulizie huo kwanza.

Nimeona vijana wazuri wakikosa mkopo kwa karatasi, wala si kwa alama. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, na kazi hiyo huchukua siku. Aliyefiwa na mzazi anahitaji cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Mdhamini anahitaji kitambulisho cha NIDA. Fomu inataka saini na muhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na mwenyekiti naye ana safari zake. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF ina namba yake, na namba hiyo isipoandikwa kwenye fomu, uhitaji wako hauonekani vizuri. Kisha kuna majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Mwanaidi, cha kuzaliwa kinasema Mwanahidi. Shuleni aliandikwa jina la babu, kwenye cheti lipo la baba. Tofauti ya herufi moja inatosha kukwamisha fomu nzima. Kagua majina ya mwanao leo, akiwa bado kidato cha tano, na kama hayalingani nenda kwa wakili ukapate hati ya kiapo au ya kubadili jina, kabla msimu haujakubana.

Kuna mtego mwingine ambao watu wa Tabora wanaujua vizuri, maana kambi ya JKT ya Msange iko hapa hapa. Vijana wengi waliomaliza kidato cha sita huwa wako kwenye kambi za JKT wakati matokeo yanatoka na madirisha ya maombi yanafunguliwa, na kule simu ni za kubahatisha. Kabla mtoto hajaenda kambini, kaeni chini muandike kwa mkono wake: vyuo anavyovitaka kwa mpangilio, programu kwa kila chuo, namba za mitihani ya kidato cha nne na cha sita, barua pepe na nywila. Barua pepe aifungue mwenyewe kwa namba ya simu inayobaki nyumbani. Zile zinazofunguliwa na kijana wa steshenari kwa namba yake zimeleta vilio vingi, kwa sababu siku ya kuthibitisha udahili ndipo inapogundulika nywila haijulikani na namba ilishafungwa.

Kuhusu kuthibitisha: tangu 2017 kila chuo hupokea maombi yake moja kwa moja, na unaruhusiwa kuomba vyuo vingi. Ukichaguliwa zaidi ya kimoja utatakiwa uthibitishe kimoja tu kwa namba ya siri unayotumiwa, ndani ya muda uliopangwa. Asiyethibitisha anaweza kupoteza vyote. Na ukikosa awamu ya kwanza, usilie siku tatu; awamu ya pili hufunguliwa, na nafasi za udaktari zilizobaki huwa chache na huondoka haraka. Orodha yako ya daftari ndiyo itakayokuokoa hapo.

Kabla ya kulipa senti kwa chuo chochote, hakikisha programu yake ya udaktari imo kwenye mwongozo wa TCU wa mwaka huo. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na programu kadhaa katika vyuo vingine. Kwa wanaofikiria nje, iwe Uganda, India au China, unahitaji barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka TCU kabla ya kuondoka, kisha shahada itambuliwe ukirudi, na ufanye mitihani ya Baraza la Madaktari. Wakala anayekuambia hayo hayana haja, mkimbie. Waliokuwa Wuhan 2020 na Ukraine 2022 wanajua jinsi masomo yanavyoweza kukatika yakiwa katikati, mtu akiwa mbali na kwao.

Nimebakiza njia ambayo watu huizungumza kwa aibu, na mimi naiheshimu sana. Kama alama zako hazikutosha, au zimetosha na fedha haipo, kuna stashahada ya utabibu, miaka mitatu, inayosimamiwa na NACTVET. Ukimaliza unakuwa tabibu, unafanya kazi, unalipwa. Ukiwa na GPA isiyopungua 3.0 na ufaulu unaotakiwa wa masomo ya sayansi ya kidato cha nne, unaweza kuomba udaktari baadaye, ukiwa umeshashika wagonjwa kwa mikono yako. Madaktari wengi wazuri wamepita hapo. Uuguzi, famasia na maabara nazo ni kazi kamili, hazimsubiri mtu awe daktari ndipo ziwe na maana. Kwa mkoa wetu vyuo vya afya vipo Tabora mjini, Nkinga na Ndala, na mtoto anaweza kusoma akirudi nyumbani mwisho wa juma.

Magharibi ya Tanzania ilimjua Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe kule Algeria, akapelekwa Malta kusomea tiba. Alifika Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika, 1889, baada ya safari ya miguu kutoka pwani, na alitibu watu huko hadi alipofariki 1956. Hakuchagua chuo, wala hakuchagua Karema. Lakini alikaa, zaidi ya miaka sitini, na nchi ile ilikuwa na daktari kwa sababu yeye alikuwepo. Ninamtaja kwa kuwa mikoa yetu bado ina uhaba wa madaktari, na kijana anayesoma karibu na kwao, anayejua barabara za Kaliua wakati wa masika, ana sababu zaidi ya kurudi. Ajira za serikali siku hizi hutangazwa na kugombewa, na wapo wahitimu wanaosubiri muda mrefu. Aliye tayari kwenda Sikonge au Ulyankulu wakati wenzake wanagombania Dar es Salaam ana nafasi nzuri zaidi ya kupata kazi.

Walimu wakuu wa shule zenye PCB hapa mkoani, nawaomba jambo moja. Mwezi Machi, kabla ya mitihani ya Mei, waiteni madaktari wawili au watatu kutoka Kitete, vijana, waliosoma vyuo tofauti, wakae na kidato cha sita mchana mmoja. Wazazi waje pia, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto mkononi, majina yakaguliwe siku hiyo hiyo. Haihitaji bajeti, inahitaji barua moja kwa mganga mfawidhi. Barua hiyo iandikwe Februari.